Dodoso Mlangoni: Lugha ya Kuwauliza Wanaume wa Ndera Kuhusu Uzazi

Mtafiti atakayefika Ndera, kandokando ya mto Tana, kuwauliza waume na wake zao wanaonaje mwanamume naye akitumia njia ya kuzuia mimba, atakuwa na dodoso mkononi. Yamkini dodoso hilo litakuwa limetungwa kwa Kiingereza, likatafsiriwa kwa Kiswahili sanifu mjini Nairobi, kisha litafsiriwe tena kwa mdomo, papo hapo mlangoni, kwa Kipokomo au Kiorma. Majibu yatarejea kwa njia iyo hiyo na kugeuzwa asilimia. Sehemu kubwa ya asilimia hizo itaonyesha jinsi watu walivyoyapokea maneno waliyosomewa, wala si jinsi wanavyoiona njia yenyewe. Kosa hilo haliwezi kubebeshwa madaktari peke yao. Wataalamu wa Kiswahili wameyaacha madodoso ya afya mikononi mwa wengine kwa muda mrefu mno.

Jambo lenyewe si dogo. Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi mwaka 1967, na tangu hapo mzigo umekuwa wa mwanamke: vidonge, sindano, koili, vipandikizi. Mwanamume ana kondomu, na ana upasuaji wa kukata mirija ya mbegu, ambao nchini Kenya haujatumiwa hata na asilimia moja ya wanandoa. Sayansi nayo haijalala. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya sindano ya homoni iliyojaribiwa kwa wanaume 320 katika nchi kadhaa, na hakuna hata moja ya Afrika. Majaribio ya jeli ya kupaka mabegani, yaliyoanza mwaka 2018, yaliihusisha Kenya. Dawa ya namna hiyo ikiidhinishwa, watakaoamua ipelekwe wapi watataka kujua watu wamesema nini.

Litazamwe swali moja tu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wanawake 1,894 wa Uskoti, China na Afrika Kusini waliulizwa kama wangewaamini wenzi wao kumeza kidonge cha wanaume. Ni takribani asilimia 2 tu waliosema hawangewaamini. Swali hilo likihamishwa kama lilivyo, mke wa Ndera ataulizwa: "Je, unamwamini mwenzi wako?" Katika Kiswahili, kumwamini mume ni suala la uaminifu wa ndoa kabla halijawa suala la kukumbuka dawa. Mke ambaye mumewe ameketi barazani, hatua chache kutoka hapo, ana jibu moja tu la heshima. Lipo pia neno "mwenzi". Kwenye nyumba ya wake wawili, mke mwenza ndiye mwenzi anayetajwa kila siku, na mke akisikia "mwenzi wako" ana haki ya kuuliza ni yupi anayezungumziwa. Kusema "mumeo" kungemaliza tatizo hilo, ila watunga madodoso hawapendi, kwa kuwa neno la Kiingereza halisemi hivyo.

Istilahi za upasuaji ndizo zenye madhara makubwa zaidi. "Kufunga kizazi" kwa masikio ya wengi ni jambo la tumbo la mwanamke. Mwanamume anayeambiwa afungwe kizazi hutafuta mfano anaoujua, na Waorma ni wafugaji: mfano ulio karibu ni maksai. Fahali akihasiwa hunenepa, hupoa, huacha kupanda. Ni nani atakayekubali hivyo? Ilhali kukata mirija hakugusi korodani. Homoni huendelea kutengenezwa, hamu na nguvu hubaki, manii hutoka kama kawaida, ila baada ya miezi mitatu hivi hayana mbegu tena. Kiswahili kinaweza kuyasema haya yote bila kukopa neno. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaandika ndani ya swali. Mwanamume aliyekataa kuhasiwa ameandikwa kwenye jedwali kuwa amekataa mpango wa uzazi.

"Kudhibiti uzazi" nako kuna mwangwi wake. Serikali hudhibiti uhalifu na uhamaji wa mifugo. Katika Tana River, ambako mapigano ya Wapokomo na Waorma ya mwaka 2012 hadi 2013 yaliua zaidi ya watu 100, na ambako ardhi, malisho na kura vyote huhesabiwa kwa wingi wa watu, anayeulizwa kama angependa kupunguza watoto husikia swali jingine kabisa: je, ungependa kabila lako lipungue? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 315,943 katika kaunti nzima. Kila upande unajua kuhesabu.

Na bado lugha ya jambo hili ipo huko huko. Wakazi wengi wa eneo hili ni Waislamu, na fikihi imejadili azli, yaani mume kumwaga nje, kwa karne nyingi. Imepokewa kutoka kwa Jabir bin Abdullah kwamba masahaba waliifanya zama za Mtume, na wanazuoni wengi wameshurutisha ridhaa ya mke. Njia ya mwanamume, na mwanamke mwenye sauti ndani yake: huo ni mjadala ulioanza kabla ya dodoso lolote kuchapwa. Mtafiti anayeanzia hapo atawakuta wazee na wake zao wana mengi ya kusema. Anayeanzia kwenye "njia za kisasa za kudhibiti uzazi kwa wanaume" atapewa chai na asilimia.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina wanafunzi wanaozungumza Kipokomo na Kiorma nyumbani. Likizoni hao wangeweza kuketi na wanaume kando na wanawake kando, kabla dodoso halijaandikwa, wakasikiliza watu wenyewe wanayaitaje mambo haya. Mpaka sasa huitwa mwishoni, dodoso likiwa limekwisha kupigwa chapa, kusimama mlangoni na kutafsiri.