Risasi Inasimama Wapi? Uliza Hilo Kwanza, Ndio Uulize Nguvu

Wacha niseme hii kitu vile iko, na mwenye kukasirika akasirike. Wengi wenu mnaobishana kuhusu risasi mtandaoni mnabishana swali ambalo sio lenyewe.

Mnazijua zile vidio. Mzee wa Marekani ako kwa gereji yake. Mezani ana mashine ndogo ya kuvuta kwa mkono, maganda matupu, kopo la baruti na boksi kadhaa za vichwa vya risasi. Anajipakia risasi zake mwenyewe. Huko ni hobi halali, watu wanarithishana kutoka kwa babu. Halafu anauliza watazamaji: kwa bunduki ndefu ya kujilinda nyumbani, nitumie kichwa gani?

Sasa teremka kwa komenti. Utapata msee wa Umoja, mwingine wa Rongai, mwingine wa Kisauni, wote hawajawahi hata kushika bastola, wanajibu kama majenerali. "Hiyo ni ya watoto, chukua ile inatoboa mpaka ukuta." Na watu wanamwekea moto.

Inatoboa mpaka ukuta. Simama hapo kidogo, buda. Nyuma ya huo ukuta kuna nani?

Hapo ndipo mimi niko. Kuchagua kichwa cha risasi ya kujilinda ni kuamua ile chuma itaishia wapi. Nguvu inakuja baadaye. Mtu akianza na nguvu, hata awe na mashine ya milioni kwa gereji, hajaelewa anachofanya.

Tuanze na kitu chenyewe, ndio tusiongee hewa. Risasi nzima iko na vitu vinne: ganda, baruti, praima, yaani kile kidude cha chini kinachowasha baruti, na kichwa. Ukifyatua, baruti inaungua, ganda linaanguka miguuni pako na praima inabaki ndani ya ganda. Kichwa pekee ndicho kinaondoka. Ndio maana wazee wa gereji wanaweza kubishana kichwa mwezi mzima. Hivyo vingine vyote kazi yao ni kukisukuma.

Vichwa viko vingi lakini kwa hii mada vigawe mafungu matatu. Kuna cha jaketi, madini ya risasi ndani, ngozi ya shaba imefunika mbele yote. Hicho ndicho cha jeshi. Hakifunguki. Kuna chenye tundu ama ncha laini mbele, ambacho kikiingia kwa mwili kinafunguka kama uyoga, kinapanuka, kinapunguza kasi. Vingine vya siku hizi ni shaba tupu bila madini ya risasi kabisa, lakini kazi ni ileile. Halafu kuna vile vya kuwinda wanyama wadogo, vyepesi, vinapasuka vipande mara tu vikigusa kitu.

Shabiki wa komenti anataka cha jaketi kwa sababu amekiona kwa sinema na kwa gemu. Kwa gemu hakuna jirani. Ukikosa adui, risasi inapotea kwa ukuta wa kuchorwa na hakuna mama anapiga nduru ng'ambo.

Sasa skiza vile watu waliofiwa walifikiria hii maneno.

Tarehe 11 Aprili 1986, Miami, maafisa wa FBI walikabiliana na wezi wawili wa benki. Mapema kwa hiyo vita, kichwa cha bastola ya afisa kiliingia mkono wa mwizi mmoja, kikapita hadi kifuani, kikasimama kabla hakijafika kwa moyo. Yule mwizi hakuanguka. Aliendelea kupigana na bunduki ndefu. Maafisa wawili walikufa na watano wakajeruhiwa.

Ungetarajia baada ya hapo FBI waseme, tupeni inayotoboa kila kitu. Walikuwa na kila sababu ya kusema hivyo. Badala yake walitengeneza kipimo. Unapiga risasi kwa jelatini iliyotengenezwa ikaribie nyama ya mwili, wakati mwingine umeweka nguo nzito mbele, ama jipsamu, ama mbao, ama kioo cha gari. Kichwa lazima kiingie angalau inchi 12, karibu sentimita 30, ndio kifike mahali pa maana hata kikipitia mkono kwanza. Lakini kuna upande wa pili ambao watu wa komenti hawautaji. Kikipita inchi 18, sentimita 46 hivi, hakipati sifa. Kimezidi. Kitatoka upande wa pili na kuendelea na safari.

Hawa ni watu waliozika wenzao kwa sababu risasi ilisimama mapema. Na bado waliweka mpaka wa juu. Wewe umezika nani kwa PUBG ndio unataka isiyosimama?

Najua mwenye ataniletea Hague. "Lakini risasi za tundu zimekatazwa, ni za kikatili." Sawa, twende huko. Mwaka wa 1899 mataifa yalikubaliana Hague kwamba majeshi yao yasitumie risasi zinazopanuka kirahisi ndani ya mwili wa binadamu. Chanzo kikubwa cha huo mjadala kilikuwa risasi za Waingereza zilizotengenezwa kwa kiwanda cha Dum Dum, karibu na Calcutta, za kutumia kwa vita vya kikoloni. Hata mwaka wa 2010 hapa kwa jirani, Kampala, mkutano wa mahakama ya ICC ulipanua hiyo marufuku iguse pia vita vya ndani ya nchi.

Lakini soma vizuri. Hiyo ni sheria ya vita. Wazo lake ni kwamba askari akishaumia ametoka vitani, hakuna haja ya kumpasua zaidi. Nyumba yako sio uwanja wa vita. Ukilinda familia yako kwa ploti, pande zote nne ni watu ambao hawana vita na mtu. Sikatai kwamba kichwa cha tundu kinamuumiza zaidi yule kinampata. Kinamuumiza vibaya. Ila kiko na nafasi kubwa ya kuishia kwake. Cha jaketi kinaweza kumuumiza yeye na bado kikatafuta mwingine.

Chukua ile risasi ya kawaida ya AK-47. Utafiti wa vidonda uliofanywa na madaktari wa jeshi la Marekani ulionyesha kichwa chake cha jaketi kinaweza kwenda moja kwa moja karibu sentimita 25 ndani ya jelatini kabla hakijaanza kupinduka. Kifua cha mtu wengi wetu hakifiki hapo kutoka mbele hadi nyuma. Inaingia, inatoka, inaendelea. Huyo hajasimamishwa, na aliye nyuma yake sasa ako hatarini.

Na kabla mashabiki wa tundu hawajaanza kusherehekea, nanyi pia ngojeni. Tundu likipita kwa jipsamu ama nguo nzito linaweza kujaa uchafu, halafu kichwa kikatenda kama cha jaketi. Na risasi ambayo imekosa mtu haijali ina tundu ama haina. Wamarekani waliojaribu kupiga kuta za jipsamu waligundua kitu ambacho wengi hawangetarajia: vichwa vyepesi vya bunduki ndefu, vile vya kasi sana, mara nyingi vinavunjika kwa kuta haraka kuliko vichwa vizito vya bastola. Mtu angedhani bastola ndio salama kwa jirani. Ndio maana hii kazi inataka kufikiria, sio kufuata jina kali kwa boksi. Vile vya wanyama wadogo navyo vinapasuka mapema sana, jeraha linakuwa kubwa juu juu na mshambulizi bado anatembea. Hiyo pia sio kujilinda.

Hakuna kichwa cha malaika. Jeff Cooper, mwalimu wa bunduki ambaye kanuni zake nne zinafundishwa mpaka leo, aliweka hii kama kanuni ya nne: jua unalenga nini na kuna nini nyuma yake. Nusu ya pili ya hiyo kanuni ndio watu wa komenti wameitupa.

Sasa kwa mzee wa gereji mwenyewe, maana naye ana lake. Hata akichagua kichwa kizuri, risasi aliyojipakia mwenyewe asiitegemee kwa kujilinda. Apakie za mazoezi, apakie za kuwinda, sina neno. Za kujilinda anunue za kiwanda. Sababu ya kwanza ni kwamba kiwanda kinapima kila hatua na kuweka namba ya kila fungu, na wewe unapima ukiwa na redio inapiga na mtoto anakuuliza hesabu za shule. Risasi ya mazoezi ikikataa kulipuka unacheka. Ile ya saa nane usiku ikikataa, hakuna wa kucheka.

Sababu ya pili ni korti. Kuna kesi ya New Jersey, kifo cha mwaka wa 1989. Mwanamke alikufa kwa risasi ya bastola, mumewe akasema alijiua. Swali kubwa likawa mdomo wa bunduki ulikuwa umbali gani, na hiyo inapimwa kwa masalio ya baruti. Shida ni kwamba risasi zilikuwa za kujipakia nyumbani, na ushahidi wa nini hasa kilikuwa ndani ya ile moja ulikuwa neno la mshtakiwa. Kesi ikasikizwa zaidi ya mara moja. Ingekuwa ya kiwanda, ungechukua nyingine ya boksi lile lile na kupima. Mtu anayetaka sheria iamini hadithi yake lazima abebe kitu ambacho mwingine anaweza kukipima. Kujipakia ni kuondoa shahidi wako mwenyewe.

Utaniambia, sawa bro, lakini hii inatuhusu nini? Kenya hakuna mtu anapakia risasi kwa gereji. Kweli. Sheria ya silaha, Cap 114, inataka leseni kwa bunduki na kwa risasi, na ukipatikana na AK-47 ama G3 bila ruhusa unaangalia kifungo cha maisha. Huwezi kuanza hiyo hobi Pipeline.

Inatuhusu kwa sababu sisi ndio tunaishi nyuma ya ukuta.

Na ukuta wetu mara nyingi hata sio jipsamu. Ni mabati. Ni ploti ya ghorofa sita, balkoni zikiangaliana, nguo zimeanikwa, watoto wamesimama wakichungulia kelele za chini. Mwaka wa 2017, baada ya uchaguzi, msichana wa miaka tisa alipigwa risasi akiwa balkoni Mathare. Tarehe 30 Machi 2020, siku za mwanzo za kafyu, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa balkoni ya kwao Kiamaiko. Hakuna kati yao alikuwa anapigana na mtu. Walikuwa tu kwa nyumba zao.

Karao wetu kwa miaka wamebeba G3 na AK mtaani. Hizo ni bunduki za jeshi, zilibuniwa kwa uwanja ambao adui ako mita 300 na nyuma yake ni shamba. Zimeletwa mahali nyuma ya kila mtu kuna mtu. Halafu tukiuliza, tunaambiwa maswali ya risasi ni ya wataalamu.

Na usidhani jina zuri la risasi linatuokoa. Juni 2025, kijana muuza barakoa alipigwa kichwani kwa karibu katikati ya Nairobi, wakati wa maandamano, kwa silaha ya zile zinaitwa za mpira, zisizoua. Akafa. Kichwa cha risasi na umbali na mkono wa mpigaji vinaenda pamoja. Ukiondoa moja, jina kwa boksi halina kazi.

Kwa hivyo, wasee, ule muda mnatumia kubishana gani ina nguvu, utumieni vizuri. Mzee wa gereji akiuliza, mwulize jirani yake analala upande gani. Na siku waziri akisimama kusema wamenunua vifaa vipya vya usalama, msiulize pesa ngapi peke yake. Ulizeni ni risasi aina gani, itatumika umbali gani, kwa mtaa upi, na ikikosa inasimama wapi. Mbunge wako ulizwe. Kwa baraza iulizwe. Haya ni maswali ambayo mtu mwenye bunduki Marekani anajiuliza mwenyewe gerejini kwake, kabla hajapakia hata moja. Sisi tunaolipia risasi kwa ushuru tuko na haki ya kuuliza zaidi yake.

Komenti ziko wazi. Mwenye anakuja na "inatoboa mpaka ukuta" aanze kwa kuniambia yeye analala upande gani wa huo ukuta.