Mtoto akichelewa kukua, msimlaumu mama

Msomaji wangu, mtoto akichelewa kukaa, kusimama na kusema, lawama humwangukia mama. Ataambiwa hakula vizuri akiwa mjamzito, au kwao kuna mkosi. Leo tuchungulie ndani ya seli, kwani baadhi ya majibu yako huko.

Karibu kila aina ya seli ya mtoto anayekua ina sehemu iitwayo Golgi, jina la daktari Mwitaliano, Camillo Golgi, aliyeieleza mwaka 1898. Ifananishe na ofisi ya vifurushi kwenye kituo cha mabasi. Hupokea protini, huzikamilisha, huzifungasha na kuziandikia zinakokwenda.

Upo ugonjwa nadra wa kurithi uitwao ugonjwa wa seli I. Ndani ya Golgi hukosekana kimeng'enya kinachobandika anwani kwenye vimeng'enya vya kusaga taka za seli. Kifurushi bila jina wala namba ya simu hakifiki. Vimeng'enya hivyo huishia nje ya seli. Taka hurundikana, na seli iliyolemewa hushindwa kazi, hata inaweza kufa. Mtoto hudumaa, viungo hukakamaa, ufizi huvimba, moyo na mapafu huathirika. Wengi hufariki wakiwa bado wadogo.

Hakuna chakula wala tabia ya mama inayosababisha haya. Baba na mama wote wawili hubeba kinasaba chenye hitilafu bila kuugua, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa.

Nakiri, nikiwa daktari mchanga niliwahi kumwambia mama mmoja, "Usijali, atakua tu." Nilidhani namfariji. Kumbe nilimwacha arudi nyumbani kulaumiwa, bila neno la kujitetea.

Ndiyo maana nasema: ugonjwa kukosa tiba si sababu ya daktari kunyamaza. Mzazi akijua, ataacha kuhangaika kwa waganga, atapata msaada wa mazoezi ya viungo na kupunguza maumivu, na ataamua kuhusu mimba ijayo akiwa na ukweli mkononi.

Watoto wengi wanaochelewa hawana ugonjwa huu. Lakini mwanao akichelewa, au akipoteza alichokwisha kukijua, mpeleke hospitali na uulize, "Daktari, tatizo ni nini hasa?" Usiondoke na "atakua tu". Na wewe baba, nenda naye. Jambo hili ni lenu wawili.