Kama Hujawahi Kutoa Koili, Usijiite Mtu wa Magari

Wasee, leo naongea na nyinyi mnaoita Altezza "mtoto wangu". Mmebandika stika kwenye kioo cha nyuma, mmeweka egzosti ya kuamsha mtaa mzima, na mkiulizwa gari ina nguvu za farasi ngapi mnajibu kabla swali liishe. Lakini siku ikianza kumisi, mnakimbia gereji, mnampa mtu ufunguo na kumwambia "angalia tu shida ni nini." Hiyo "angalia tu" ndiyo inamaliza doo zenu.

Msimamo wangu ni huu: kubadilisha koili za Altezza ni kazi ya kufanyia nyumbani, na kila anayejiita mtu wa magari anafaa kuifanya na mikono yake angalau mara moja. Anayekuambia "usiguse, utaharibu" mara nyingi analinda mfuko wake, si injini yako.

Kwanza tujue tunaongelea nini. Betri yako ni ya volti 12. Plagi haiwezi kurusha cheche na volti 12. Kazi ya koili ni kuchukua hizo 12 na kuzipandisha hadi makumi ya maelfu. Altezza RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, na kila silinda ina koili yake imekaa juu ya plagi. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, kila koili inapiga cheche mara 3,500 ndani ya hiyo dakika, ikiwa imekalia joto la injini. Sasa ongeza umri. Toyota iliacha kuunda Altezza mwaka wa 2005, na Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka minane. Kwa hivyo hakuna Altezza changa hapa mjini. Koili kufa kwa gari ya umri huo si laana wala si kurogwa. Imechoka tu.

Zingine tunaziua wenyewe. Unaenda kaoshi, unasema "piga na injini," kijana anaelekeza maji ya presha moja kwa moja kwa koili. Ukitoka hapo gari inakohoa, halafu unashangaa.

Sasa sikiza vile unaliwa. Rafiki yangu alipeleka yake gereji. Ilikuwa inatetemeka ikisimama, haivuti mlimani, inanuka petroli. Akaambiwa ni plagi. Akanunua. Akaambiwa ni pampu ya mafuta. Akanunua. Mwisho akaambiwa injini imechoka, atafute nyingine kutoka Japani. Hakuna mtu alikuwa amepima kitu. Walikuwa wanakisia, na kila kisio lilikuwa linalipwa na yeye. Ilikuwa koili moja. Moja kati ya nne!

Na kupima ni bure. Injini ikiwa imezimwa, chomoa konekta ya koili ya kwanza. Washa, sikiza. Ikianza kutetemeka zaidi, hiyo silinda ilikuwa inafanya kazi yake. Zima, rudisha konekta, nenda ya pili. Ukifika kwa ile ambayo kuchomoa hakubadilishi chochote, umepata silinda mgonjwa. Usiache injini ikinguruma hivyo muda mrefu. Sekunde chache zinatosha, kwa sababu petroli ambayo haijaungua inaenda kuharibu katalitiki kwenye bomba la moshi.

Halafu zima na uhamishe hiyo koili kwa silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, koili ndiyo imekufa. Ugonjwa ukibaki palepale, koili ni nzima. Shida iko kwa plagi, injekta, waya au ndani ya injini, na hapo sasa unaenda kwa fundi ukijua unachosema. Hiyo si digrii. Ni kubadilisha kitu kimoja, kuangalia kimebadilika nini, kisha kuamua.

Kutoa yenyewe? Acha injini ipoe. Toa waya hasi wa betri. Ondoa kifuniko, fungua boliti ya koili na soketi ya 10, bonyeza klipu ya konekta polepole kwa sababu plastiki ya zamani inavunjika, na usivute waya. Zungusha koili kidogo, ivute juu. Iangalie. Ikitoka na oili, gasketi ya kifuniko cha valvu inavuja, na ukiweka koili mpya bila kurekebisha hiyo gasketi, unaitumbukiza kwa oili ile ile. Ukitaka kutoa plagi, pangusa vumbi kwanza lisianguke ndani, na ukirudisha anza kuizungusha na vidole, si na spana, usije ukala uzi wa aluminiamu. Boliti ya koili pia ni ndogo. Ikishika, imeshika, huko si gym.

Najua majibu yenu tayari.

"Unaua hasla ya makanika." Hapana. Fundi mzuri ana kazi nyingi kuliko masaa yake. Mpelekee taimingi belti, kwa sababu hiyo ukikosea alama injini haiendi sawa. Mpelekee breki kama huzijui, kwa sababu breki hazijaribiwi na maisha ya watu. Mimi naheshimu mafundi wa jua kali. Nenda Grogan uulize, utapata wengi walijifunza kwa kushika spana, wakisimama kando ya mtu anayejua. Sasa mtu aliyejifunza kwa kugusa anapataje ujasiri wa kukuambia usiguse?

"Utauziwa koili feki." Ni kweli feki zimejaa. Lakini ukimtuma mtu akununulie, feki inakuja vilevile, tofauti ni kwamba hutaiona. Beba koili yako ya zamani hadi dukani. Linganisha nambari iliyochapishwa, maandishi, uzito na pini za konekta. Na hata kama fundi ndiye anafanya kazi, dai kurudishiwa ile ya zamani. Ni yako, uliilipia.

"Hii ni mambo ya wanaume." Wacha nijibu hii vizuri. Dada zangu, nyinyi ndio mnakisiwa zaidi. Msichana akiingia gereji na gari ya spoti, bei inapanda kabla boneti ifunguliwe. Siku utasema "silinda ya tatu inamisi, nimehamisha koili na shida imehama nayo," hiyo stori inaisha.

Mimi niliacha chuo, na sitaki mtu anitumie kama sababu ya kuacha chake. Lakini kuna kitu wengi wetu tumelelewa nacho, wa chuo na wasio wa chuo: kwamba mikono yenye oili ni ya mtu aliyefeli. Mzazi anakuona na spana anauliza, "kwani umekosa kazi?" Ndiyo maana tuna kizazi kinachoweza kutaja kila gari kwa sauti ya egzosti, na hakiwezi kutoa boliti moja ya 10. Kurasa za magari ni donati na moshi wa matairi, boneti haionekani. Tunapenda vitu ambavyo hatuvielewi, halafu tunalipa wanaovielewa ili watudharau.

Kwa hivyo kabla hujanunua rimu zingine, nunua racheti, ekstensheni, soketi ya 10 na ya plagi ya 16. Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua boneti ukiwa na rafiki mmoja, hata kama gari haina shida. Toa koili moja, iangalie, irudishe. Kisha njoo hapa kwa komenti uniambie kama ilikuwa ngumu vile walikuambia.