Boneti Isiyofungwa ni Mlango Wazi kwa Wezi

Katika Mkoa wa Tabora zipo kazi nyingi za umma ambazo hadi leo hutegemea pikapu za zamani. Chanjo hupelekwa katika zahanati za Sikonge, madawati na vitabu husafirishwa hadi shule za Kaliua, na mabwana shamba huwafikia wakulima wa tumbaku wa Urambo. Pikapu ikiamka haina betri, kazi hizo zote husimama, na mwananchi aliyetembea tangu alfajiri kuifuata huduma hurudi kwake mikono mitupu.

Ni jambo la kusikitisha kwamba wizi huu hurahisishwa na sisi wenyewe. Land Rover za zamani hufunguliwa boneti kwa nje bila ufunguo wowote, jambo linalomfaa dereva aliyeharibikiwa porini, lakini linalomfaa mwizi vilevile. Pikapu zilizofuata, kama vile Toyota Hilux, zina mpini ndani ya chumba cha dereva unaovuta waya hadi kwenye komeo la boneti. Waya huo huchakaa na kukatika. Badala ya kuubadili, watu hufunga kamba kwenye komeo na kuipitisha nje katika grili. Milango ya gari hufungwa kwa ufunguo kila jioni, huku kamba ya boneti ikining'inia mbele, ikimngoja yeyote aivute!

Betri ikiibwa, wa kwanza kulaumiwa ni mlinzi wa usiku. Je, ni haki kumdai mlinzi mali ambayo ofisi yenyewe imeiacha wazi? Mlinzi aulizwe, lakini aulizwe pia dereva aliyeiona kamba hiyo akanyamaza, na mkuu wa ofisi aliyeletewa taarifa akaiweka mezani.

Tabora haikosi mfano wa kujifunza. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita hapa kwenda Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kotekote. Kila mzigo ulikuwa na mpagazi wake aliyejulikana, na kambi ilizungushiwa boma la miiba usiku ulipoingia. Leo pikapu moja huendeshwa na madereva watatu, na ufunguo wake hauna mwenyewe. Wahenga walisema kweli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, yafaa kila ofisi ianze na mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Waya uliokatika ubadilishwe. Gari linalofunguliwa kwa nje lipelekwe kwa mchomeleaji vyuma, liwekewe pete mbili imara na kofuli. Ufunguo mmoja awe nao dereva aliye kazini, na wa pili utunzwe ofisini na kuandikwa katika daftari, maana injini ikishika moto hapana nafasi ya kutafuta ufunguo. Hata hivyo, kofuli peke yake haitoshi. Mwizi mwenye msumeno akipewa usiku mzima atalikata. Faida ya kofuli ni kumchelewesha na kumlazimisha apige kelele. Kwa hiyo gari lilazwe penye mwanga, mahali mlinzi anapoliona na kulisikia.

Tena, betri na tairi la akiba vitiwe alama isiyofutika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Unyamwezi na Usukuma waliunda Sungusungu kupambana na wezi wa mifugo. Ng'ombe aliyeibwa aliweza kutambuliwa kwa rangi yake na alama zake. Betri isiyo na alama itatambuliwa na nani ikifika sokoni? Na anayeinunua kwa bei ya kutupa huku akijua ilikotoka, asijidanganye kwamba yeye ni mfanyabiashara tu: sheria ya nchi humhesabu kuwa mhalifu.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kununua magari mapya. Magari mapya yakija tutashukuru. Lakini ofisi iliyoshindwa kubadili waya wa boneti itayatunzaje? Walimu wakuu na watumishi wa umma waliokabidhiwa pikapu wazikague jioni hii kabla ya kurudi nyumbani, na kamba itakayoonekana ikining'inia kwenye grili iondolewe na waya mpya utiwe.