Mgonjwa wa moyo, usipuuze meno yako

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii inawafaa sana wagonjwa wa moyo wanaoyaacha meno yao yaoze, wakidhani kuwa jino ni jino na moyo ni moyo.

Hapa Dagoretti Corner, zinapokutana barabara za Ngong na Naivasha, huwatibu watu kutoka Kawangware, Riruta na Waithaka. Wengi wa vijana wenye maradhi ya moyo ninaowaona waliyapata kutokana na homa ya baridi yabisi utotoni. Homa hiyo hufuata maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoki, na huweza kuacha makovu kwenye vali, yaani milango inayopitisha damu moyoni.

Wagonjwa hawa humeza dawa zao, na wengine hudungwa penisilini kila mwezi. Lakini ukimwambia mmoja wao afungue kinywa, hushangaa: "Daktari, nimekuja kwa sababu ya moyo, si meno!" Wengine wameacha kupiga mswaki kwa kuwa fizi hutoka damu. Wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, humkimbia daktari wa meno wakihofu kuvuja damu hadi kufa.

Fizi zinazotoka damu mara nyingi zinaugua kwa sababu ya ukoga, na ukiacha mswaki zitaugua zaidi. Kupitia fizi hizo, bakteria wa kinywani huingia katika damu hata mtu anapotafuna chakula. Kwa mwenye moyo mzima, kwa kawaida mwili huwaangamiza mara moja. Lakini penye vali yenye makovu au vali ya bandia, wanaweza kunata, wakazaana na kuiharibu. Maradhi hayo huua. Tiba yake ni antibiotiki za kudungwa, kwa kawaida kwa wiki 4 hadi 6, na pengine upasuaji.

Dalili zake hudanganya: homa isiyokwisha, jasho la usiku, uchovu na kukonda. Wengi hudhani ni malaria au homa ya matumbo, wakanunua dawa dukani wiki baada ya wiki. Ikiwa vali zako zina kasoro na homa haikuachi, usijinunulie antibiotiki. Nenda hospitali damu ipimwe kwanza, kwani dawa hizo huweza kuwaficha bakteria.

Simwambii mtu kwamba meno mabovu ndiyo yanayoleta mshtuko wa moyo. Mwaka 2012 American Heart Association ilieleza kwamba maradhi ya fizi na ya mishipa ya moyo huandamana, lakini haijathibitishwa kuwa moja huleta jingine. Hili la vali linatosha kutuamsha.

Wako pia wanaotegemea kidonge kabla ya kung'olewa jino. Tangu 2007 chama hicho hupendekeza dozi hiyo kwa walio katika hatari kubwa zaidi tu, wakiwemo wenye vali za bandia, waliowahi kuugua maradhi haya, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro za moyo. Kidonge hakishiki nafasi ya mswaki.

Kwa hivyo, piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi. Mwone daktari wa meno kabla jino halijauma, umweleze maradhi yako na dawa unazotumia. Usiache warfarini kwa uamuzi wako. Madaktari wako wawili washauriane. Kama unangojea upasuaji wa vali, meno yatibiwe kwanza.

Nasi madaktari tuna wajibu. Maoni yangu ni kwamba kila kliniki ya moyo ikague kinywa kama inavyopima presha, na kadi ya mgonjwa ionyeshe alipotibiwa meno mara ya mwisho. Kuziba jino moja ni gharama ndogo mno ukilinganisha na wiki 6 wodini. Ukienda kliniki na daktari asikuulize habari za meno, muulize wewe.