Kuta za Kanisa na Ujira wa Mchoraji

Katika parokia zetu nyingi siku hizi, kanisa jipya linapokaribia kutabarukiwa, ukuta ulio nyuma ya Altare hubaki mtupu hadi majuma ya mwisho. Ndipo kamati ya ujenzi huagiza picha iliyochapwa kwa mashine juu ya plastiki, ikabandikwa kwa siku moja. Bei yake ni nafuu, nasi hatuwalaumu wanaohesabu sadaka za waamini kwa uangalifu. Hata hivyo, twaona hesabu hiyo ina pungufu.

Picha kubwa ya ukutani huanza na ukuta wenyewe. Katika ufundi wa kale, mchoraji hupaka rangi juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, na chokaa ikikauka, rangi huwa sehemu ya ukuta. Kwa hiyo hupigwa lipu ya eneo lile tu analoweza kulimaliza siku hiyo. Michelangelo alianza dari la Kikanisa cha Sisto mwaka 1508, akamaliza 1512. Leonardo da Vinci, aliyependa kwenda polepole, alichora Karamu ya Mwisho huko Milano juu ya lipu kavu. Ikaanza kuharibika angali hai, na ukarabati wake wa karibuni ulidumu tangu 1978 hadi 1999. Kwetu adui ni unyevu upandao kutoka msingini. Mchoraji aitwe wakati mwashi bado yupo kazini.

Lakini hoja nzito si ya chokaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika aliyesomea Makerere, alichora maisha ya Kristo katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Kuzaliwa kwa Bwana, mateso na kifo chake vikawekwa katika vilima na miongoni mwa watu wa nchi ile ile iliyokuwa imemwaga damu. Picha ya kuagizwa dukani, yenye sura zile zile kila parokia, isingeweza kusema hivyo na watu wale. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ulitamka mwaka 1963 kwamba Kanisa halikujitwalia mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake pekee.

Hatari nyingine huja na jubilei, pale ukuta wa zamani unapopakwa rangi nyeupe ili kanisa lipendeze. Kanuni 1189 ya Sheria za Kanisa hairuhusu hata kukarabati picha zenye thamani kwa umri, sanaa au heshima ya waamini bila kibali cha maandishi cha mwenye mamlaka, naye hana budi kwanza kushauriana na wataalamu. Sembuse kuzifuta!

Basi kamati zinazopanga bajeti mwaka huu ziweke fungu la mchoraji pamoja na mbao za jukwaa lake, mchoro wa awali ufikishwe kwa Askofu, na ujira ulipwe kwa awamu kadiri kazi inavyosonga. Wachoraji kadhaa wamekwisha kutuambia kwamba hulipwa chakula na shukrani.