Haki za mutu ndani ya Katiba: maneno yalitoka ngambo, vidonda vilitoka Likasi

Tarehe 23 mwezi wa kumi 2024, kule Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba ataweka kundi la wataalamu ili watayarishe Katiba mupya. Alitoa sababu: ile ya 2006 iliandikwa na wageni, tena iliandikiwa ngambo. Tangu siku ile mabishano hayajaisha. Kule Likasi, kama vile Bukavu ao Kindu, ulizo lenye kurudia kila mara ni moja: Rais ataongeza muhula ao hapana?

Ulizo lile ni la maana. Lakini kifungu cha 220, chenye kukataza kugusa hesabu na urefu wa mihula ya Rais, kinafunga milango mingine miwili. Kinakataza mabadiliko yoyote yenye kupunguza haki na uhuru wa mutu. Kinakataza pia kupunguza uwezo wa majimbo, miji na sekta. Milango hiyo haizungumuziwi sana. Lakini njo yenye kugusa mama muchuuzi, muchimbaji na mwanafunzi siku polisi anapiga hodi.

Basi, haki hizo zilitoka wapi? Ni kweli ni vitu vya wageni?

Mbele ya Wabelgiji

Wazo la kwamba mukubwa naye ana mupaka halikuletwa na meli. Katika ufalme wa Waluba, kaskazini ya Likasi, kulikuwa chama cha Bambudye. Hao njo walichunga historia ya ufalme. Walitumia ubao wenye ushanga, lukasa, ili kukumbuka majina na matendo ya zamani. Kwa sababu walijua namna gani wafalme wa mbele walitawala, waliweza kupima mwenye kutawala sasa. Mulopwe alikuwa na nguvu sana, lakini hakuwa peke yake.

Haikukuwa haki ya kila mutu, kama inavyosemwa leo. Mutumwa hakuwa na mahali pa kulalamika. Hata hivyo, mbele karatasi ya kwanza ya Kizungu ifike, watu wa inchi hii walikwisha kujua kama utawala unahitaji wenye kuuangalia.

Karatasi ya Brussels

Katiba ya Ubelgiji ya 1831 inasema uhuru wa kila mutu unalindwa, na nyumba ya mutu haiingiliwi ovyo. Vifungu vya 17 na 29 vya Katiba ya Kongo vinasema vilevile, karibu neno kwa neno. Kwa hiyo, wenye kusema kama maneno mengine yalitoka ngambo hawadanganyi.

Lakini Wabelgiji wenyewe hawakuyaleta yote. Wakati walichukua Kongo mukononi mwa mufalme Léopold II, sheria ya tarehe 18 mwezi wa kumi 1908, Charte coloniale, iliwapa wakaaji wa koloni sehemu tu ya haki za Katiba yao. Uhuru wa magazeti, uhuru wa kukutana na uhuru wa kuunda vyama uliachwa nje. Tena mufalme aliweza kutunga sheria za koloni kwa dekreti, bila mutu mweusi hata mumoja kuchagua mwenye kumusemea. Kwa mwenye kufanya makosa kulikuwa fimbo. Kwa mwenye kutaka kuhama kulikuwa karatasi ya ruhusa.

1941: mugomo bila sendika

Mu Vita ya Pili ya Dunia bei zilipanda, lakini mishahara haikufuata. Mwisho wa 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma kule Elisabethville na Jadotville, jina lenye Likasi ilibeba mpaka 1966. Waliomba nyongeza ya mushahara. Hawakuwa na sendika: weusi waliruhusiwa kuunda sendika mu 1946 tu. Kwa hiyo hakukuwa meza ya kukaa na wakubwa.

Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili, kwenye uwanja wa mupira wa Elisabethville, askari walipiga risasi watu wenye walikusanyika. Makumi walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi, mwenye kuwasemea wagomaji. Leo vifungu vya 38 na 39 vya Katiba vinalinda sendika na mugomo. Mufanyakazi wa Katanga hahitaji kusafiri Ulaya ili ajue juu ya nini viliandikwa.

Wakati chama kilimeza yote

Katiba ya Luluabourg, yenye wananchi waliipigia kura mu 1964, ilikuwa na haki nyingi. Haikumaliza hata miaka miwili. Mobutu alichukua utawala tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1965. Mu 1974, mabadiliko ya Katiba yalifanya MPR kuwa taasisi moja tu ya inchi. Mukubwa wa chama alikuwa pia Rais wa Jamhuri, na hata tribinali zilikuwa kiungo cha chama. Mutu akionewa na serikali, angeenda kuishitaki wapi, kama muamuzi naye ni wa chama?

Somo lake ni wazi: orodha ya haki peke yake haitoshi. Inahitaji muamuzi mwenye anaweza kuambia serikali «hapana» na arudi kwake salama.

Gare ya Likasi, 1992

Kidonda chenye kuuma zaidi kiko karibu. Tarehe 15 mwezi wa munane 1992, Mukutano Mukuu wa Taifa ulichagua Étienne Tshisekedi, mwana wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza pahali pa Nguz Karl-i-Bond, mwana wa Katanga. Kule Likasi, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa mu nyumba. Wengi wao walizaliwa palepale, watoto na wajukuu wa watu wenye Union Minière ilileta kazini. Maelfu na maelfu walilala ku gare na ndani ya masomo, wakingojea treni. Wengine, watoto hasa, walikufa na magonjwa mbele treni ifike. Serikali ya jimbo, yenye ilipaswa kuwalinda, haikuwalinda.

Sasa soma kifungu cha 30: kila Mukongomani anaweza kutembea na kukaa fasi yoyote ya inchi, na hakuna mwenye kulazimishwa kuishi mbali na makao yake ya kawaida. Hata kama mwandishi wake alikuwa mugeni, alikuwa anaeleza gare ya Likasi.

Saa 48

Katiba hii ilipigiwa kura tarehe 18 na 19 mwezi wa kumi na mbili 2005. Zaidi ya watu 80 kwa 100 walisema ndiyo. Kifungu cha 18 kinasema mwenye kukamatwa aambiwe sababu palepale, katika luga yenye anasikia. Ana haki ya kuonana na familia ao avoka. Saa 48 zikipita, aachiliwe ao apelekwe mbele ya sheria. Kifungu cha 61 kinaongeza kwamba hata wakati wa état de siège, kama ile ya Ituri na Nord-Kivu tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, haki zingine haziguswi kamwe: uzima, kutoteswa, kujitetea, na kutofungwa juu ya deni.

Kila mutu anajua namna mambo yanaenda kwa kweli. Mudaiwa anatiwa kasho. Familia inaombwa pesa ili mutu atoke. Lakini bila kifungu, mama mwenye kusimama ku mulango wa kasho hana hata neno la kushika. Akiwa nalo, anaweza kuuliza: saa 48 zimepita, sheria gani inamushikilia mutoto wangu?

Kifungu cha 45 kinalazimisha serikali kufundisha watu Katiba yao. Ingefaa ianze na deni lile, kwa Kiswahili, mbele ya kuomba mutu yeyote apige kura juu ya mupya. Na siku karatasi mupya itatokea, wakaaji waweke zile mbili pamoja, waangalie vifungu vya 18, 30, 39 na 61 vilienda wapi. Kama kimoja kimepunguzwa, waulize nani atafaidika.